Risasi za bunduki ya wenzo hazijazwi kama za bunduki nyingine

Anayeanza kujifunza kujaza upya risasi za bunduki ya wenzo hukutana na ushauri unaogongana. Mmoja humwambia kwamba hii ndiyo bunduki bora ya kujifunzia, kwa kuwa shinikizo lake ni la chini. Mwingine humwonya aikwepe kabisa, eti risasi zaweza kulipukia ndani ya magazini, yaani hifadhi ya risasi iliyo kwenye bunduki. Wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Wa tatu, ambaye ndiye huleta madhara zaidi, husema bunduki ni bunduki: ukishajua kujaza risasi ya aina moja, umezijua zote.

Huyo wa tatu amekosea. Katika bunduki ya wenzo, risasi hufanya kazi kabla haijafyatuliwa. Inasukumwa na springi, inabanwa kati ya wenzake, inatikiswa kila mara bunduki inapopiga teke, kisha inainuliwa na kuingizwa kwenye mtutu kwa kasi. Ni kipuri cha mashine sawa na springi yenyewe. Karibu kila sharti la kuzijaza risasi hizi linatokana na jambo hilo, na anayelielewa hana haja ya kukariri orodha ndefu ya makatazo.

Kabla ya yote, sheria. Kuna nchi ambako mwenye bunduki halali anaruhusiwa kujaza upya maganda yake, nyingine hudai kibali cha pekee kwa baruti na fataki, na nyingine huhesabu kazi hii kuwa utengenezaji wa risasi na kuifanya kosa la jinai. Hilo linathibitishwa kwa mamlaka inayotoa leseni za silaha kabla ya kununua hata kifaa kimoja.

Majina ya vitu

Bunduki ya wenzo ni ile yenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio, mara nyingi wenye umbo la kitanzi. Ukiusukuma mkono huo chini na mbele, komeo, yaani chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, hurudi nyuma, ganda tupu hutupwa nje na risasi mpya huinuliwa. Ukiurudisha, risasi huingia kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayoipokea, na komeo hujifunga. Muundo huu ulienea Marekani kuanzia bunduki ya Henry ya mwaka 1860, ukafuatwa na Winchester ya 1873, kisha ile ya 1894 iliyobuniwa na John Browning. Marlin 336, ambayo wengi wanaoanza huwa nayo, ilitoka mwaka 1948.

Risasi kamili ina sehemu nne. Ganda ni kikombe cha shaba kinachoshika vingine vyote. Lina kitako, mwili na mdomo, na baadhi ya maganda yana bega na shingo. Fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, chenye mchanganyiko unaowaka ukigongwa. Baruti ni fueli iliyo ndani ya ganda. Kichwa ndicho kinachoruka, na mara nyingi ni plumbi, ile metali laini ambayo nayo huitwa risasi, iliyovikwa koti la shaba nyekundu.

Kujaza upya maana yake ni kulirudisha ganda lililokwisha kutumika kwenye vipimo vyake na kulipa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Kinachotumika tena ni ganda peke yake. Hakuna anayetengeneza baruti wala fataki mwenyewe; vyote viwili hununuliwa vikiwa vimetoka kiwandani, kwenye vifungashio vyake, na anayejaribu kuvitengeneza nyumbani ameshaacha kazi hii na kuingia kwenye nyingine inayokata vidole.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi nazo huchanganya. Jina .30-30 linabeba kipenyo cha karibu inchi 0.30 na greni 30 za baruti isiyo na moshi iliyotumika risasi hiyo ilipoanza kuuzwa mwaka 1895. Jina .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya 1873, linabeba greni 70 za baruti nyeusi. Namba hizo za pili ni historia tu. Baruti za leo hutofautiana sana kwa kasi ya kuungua, na kipimo kinachofaa kwa moja kinaweza kupasua bunduki kwa nyingine. Hata kipenyo chenyewe si cha kuaminiwa kwa jina: kichwa cha .30-30 kina inchi 0.308, cha .44 Magnum kina 0.429, na kile cha .38 Special kina 0.357, ambacho ni kilekile cha .357 Magnum.

Greni yenyewe ni uzito mdogo mno. Ratili moja ina greni 7,000, na gramu moja ina greni 15.4 hivi. Mizani nyingi za kielektroniki hubadilisha kati ya gramu na greni kwa kitufe kimoja, na kidole kinaweza kukigusa bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana kabla ya kupima baruti mizani huwekewa kipande cha chuma cha uzito unaojulikana, na kipimo kinachosomeka hulinganishwa na kile kilichoandikwa kwenye kipande hicho. Vichwa vya .30-30 huwa na greni 150 au 170. Kimoja kikiwekwa juu ya mizani kitakuambia mara moja kama iko kwenye greni.

Magazini ya bomba, na kwa nini ncha ni bapa

Bunduki nyingi za wenzo huhifadhi risasi kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Ndani yake risasi hulala kama betri kwenye tochi, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile, na springi ikizisukuma zote kuelekea nyuma. Sasa kumbuka katikati ya kitako kuna nini. Kila ncha imekaa juu ya fataki ya jirani yake.

Bunduki inapopigwa hurudi nyuma kwa ghafla, na risasi zilizomo kwenye bomba hugongana. Ncha ikiwa kali kama msumari, pigo lote hukusanyika kwenye nukta moja ya fataki. Hapo ndipo risasi ya bomba inapoweza kuwaka, nayo ikiwaka iko kati ya wenzake, sentimita chache kutoka kwenye mkono wa kushoto wa mpigaji. Kwa sababu hiyo vichwa vya bunduki hizi hutengenezwa vikiwa na ncha bapa, au mviringo mpana wa plumbi laini. Fataki kubwa ya bunduki ina upana wa milimita 5.3 hivi, na ncha bapa pana huegemea eneo kubwa la kitako badala ya kuchimba katikati yake.

Ncha bapa ina gharama yake: hupambana na hewa na kupoteza kasi mapema. Miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilileta vichwa vyenye ncha kali iliyotengenezwa kwa plastiki laini kama mpira, ambayo hubonyea badala ya kugonga, na hivyo vinaruhusiwa kwenye bomba. Plastiki ngumu inayoonekana kwenye vichwa vingine vya kuwindia si hiyo. Anayenunua vichwa asome kama mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba vinafaa magazini ya bomba; rangi ya ncha si ushahidi. Tena, kwa baadhi ya risasi kama .44 Magnum na .45-70, kichwa hicho kirefu hudai ganda likatwe fupi kuliko kawaida ili risasi nzima isizidi urefu. Maganda hayo yaliyofupishwa huwekwa mbali na mengine.

Si kila bunduki ya wenzo ina bomba. Winchester ya 1895 ina magazini ya kisanduku, Savage 99 ya zamani ina ya kuzunguka, na Browning BLR ina kisanduku kinachochomolewa. Hizo hupokea ncha kali bila shida. Kwa wenye bomba, utasikia hoja kwamba ukiweka risasi moja tu kwenye chemba na moja tu kwenye bomba, ncha kali haina hatari kwa kuwa haina fataki ya kugusa. Kimakanika ni kweli. Lakini usalama wake wote unategemea mtu kukumbuka kuhesabu akiwa na haraka, na risasi hizo zikilala boksi moja na nyingine, siku moja zitaingia tatu. Njia salama ni kutokuwa nazo kabisa nyumbani kwa mwenye bomba.

Ncha ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni fataki. Fataki iliyochomoza nje ya kitako hata kidogo iko tayari kugongwa, ama na risasi iliyo nyuma yake, ama na komeo linapofunga. Inatakiwa ikae ndani, chini kidogo ya uso wa kitako, kwa elfu 3 hadi 5 za inchi. Huhitaji kifaa kuligundua hilo: pitisha ncha ya kidole juu ya kila kitako. Kidole kinapaswa kuhisi kishimo chepesi. Kikihisi kilima, risasi hiyo haiendi kokote. Chanzo cha kawaida ni uchafu ulioganda kwenye kishimo cha fataki. Chanzo kingine ni kuweka fataki kubwa ya bunduki kwenye ganda lililochimbwa kwa fataki kubwa ya bastola, kama lile la .44 Magnum: upana ni uleule, lakini ya bunduki ni ndefu zaidi, na itabaki nje tu.

Kubana mdomo wa ganda

Springi ya bomba haichoki. Kila risasi inasukumwa muda wote, na kila teke la bunduki ni nyundo inayojaribu kukizamisha kichwa ndani ya ganda lake. Kikizama, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo hupanda kuliko ilivyokusudiwa. Kinga yake ni kubana: mdomo wa ganda hukunjwa kidogo kuingia kwenye mfuo uliochongwa kuzunguka kichwa. Ndiyo sababu kichwa cha bunduki ya wenzo bila mfuo ni kichwa cha kupitwa dukani.

Kubana kunaonekana rahisi, na hapa ndipo wanaoanza hukwama zaidi. Kalibu ya kubania, yaani chuma chenye tundu la umbo maalumu kinachofungwa kwenye presi (mashine ya kubonyezea inayoendeshwa kwa mkono), haijui urefu wa ganda lako. Inakunja mdomo kwenye kina kilekile kila mara. Ganda likiwa fupi kuliko wenzake, kalibu haiufikii mdomo vizuri na kichwa kinabaki kimelegea. Likiwa refu, mdomo unafika mapema, unakosa pa kwenda, na nguvu inashuka kwenye mwili: ganda linavimba chini ya bega. Uvimbe huo ni mdogo mno kuonekana kwa macho ya haraka, lakini risasi hiyo itakwama mlangoni mwa chemba, na mpigaji atashawishika kuukazania wenzo.

Kwa hiyo maganda yote ya fungu moja hukatwa urefu sawa kabla ya kujazwa. Ganda la .30-30 haliruhusiwi kuzidi inchi 2.039, sawa na milimita 51.8, na kawaida hukatwa hadi 2.029. Baada ya kukatwa, mdomo huachwa na makali ya chuma ndani na nje. Huparuliwa kidogo kwa kifaa cha mkononi ili kichwa kiingie bila kuchunwa koti.

Kuna kalibu zinazozamisha kichwa na kubana kwa mkupuo mmoja. Anayeanza afadhali avitenganishe. Mdomo ukianza kujikunja huku kichwa bado kinashuka, hukwangua koti na kuchakaza mfuo. Rekebisha kalibu izamishe peke yake hadi mfuo ulingane na mdomo, maliza fungu zima, ndipo uirekebishe upya kwa ajili ya kubana. Kuna pia kalibu ya koleo inayobana kutoka pembeni, ambayo haiyumbishwi sana na tofauti ndogo za urefu.

Namna ya kujua kama umebana vya kutosha ni hii: pima urefu wa risasi kwa kalipa ya vernia, egemeza ncha yake kwenye ubao wa meza na usukume kwa uzito wa mkono, kisha pima tena. Namba isibadilike.

Urefu huo wa risasi nzima nao una sababu yake. Kwa .30-30 mwisho ni inchi 2.550, sawa na milimita 64.8. Ndani ya bunduki kuna kijiko kinachoinua risasi kutoka bomba hadi chemba, na risasi ndefu hugota kabla kijiko hakijapanda. Kwa bunduki za mtindo wa Winchester 1873 hata ufupi ni tatizo: kijiko kimechongwa kwa urefu wa risasi moja, nayo risasi yenyewe ndiyo inayoizuia inayofuata isitoke kwenye bomba. Ikiwa fupi mno, kitako cha ya pili hupenya nusu na mashine yote hushikana.

Ganda linavyochoka

Komeo la Winchester 1894 na la Marlin 336 limefungwa kwa nyuma, mbali na ganda. Wakati wa mlipuko chuma hicho kirefu hubonyea kidogo na mwili wa bunduki hunyumbuka, kisha vyote hurudi. Mpigaji hahisi kitu. Ganda linahisi: mdomo na mwili vimekamatwa na kuta za chemba, kitako kinasogea nyuma, na shaba inavutika katikati yao.

Halafu .30-30 ina ukingo kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaolishika ganda mahali pake. Bega lina nafasi ya ziada mbele. Likipigwa mara ya kwanza, bega linasogea mbele na kujaza nafasi. Mtu akiizungusha kalibu yake chini hadi mwisho, kama maelekezo mengi yanavyosema, analirudisha bega nyuma kote lilikotoka, na upigaji unaofuata unalivuta tena. Baada ya mizunguko michache, ukuta wa ganda karibu na kitako umekuwa mwembamba kama karatasi. Siku moja kitako kitatoka peke yake na mwili utabaki ndani ya chemba.

Dalili huonekana mapema kwa anayeitafuta. Nje ya ganda hutokea duara jembamba linalong'aa, karibu nusu sentimita au zaidi kidogo juu ya kitako. Ndani, chukua waya mgumu, uchonge ncha yake, uikunje kama ndoano ndogo, kisha uikwaruze kwenye ukuta kutoka chini kwenda juu. Ikikamata kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha. Libonde kwa koleo lisije likarudi mezani. Mdomo uliopasuka ni kasoro nyingine, isiyo na hatari kubwa kama hiyo, na dawa yake ni ileile ya kutupa.

Wengine, kwa kulikwepa tatizo hili, hurekebisha shingo tu na kuuacha mwili. Njia hiyo huwafaa wenye bunduki za komeo la kuvuta kwa mkono, ambazo zina nguvu kubwa ya kuisukuma risasi inayobana. Wenzo hauna nguvu hiyo. Ganda lisilorudishwa mwili litafanya komeo lisifunge, au lifunge nusu. Kinachotakiwa ni katikati: ganda zima lipite kwenye kalibu, lakini kalibu irekebishwe kidogokidogo hadi pale ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti, linapoingia na wenzo kufunga bila kusukumwa kwa nguvu. Ishia hapo na ukaze nati ya kalibu.

Mezani

Vifaa vya kuanzia ni presi ya hatua moja, seti ya kalibu za risasi yako, kishikio cha ganda, mizani, kalipa, kifaa cha kukatia, trei yenye matundu, faneli na kitabu kipya cha vipimo kutoka kwa watengenezaji wa baruti au vichwa. Zipo presi zinazofanya hatua zote kwa kuvuta mkono mara moja, na wauzaji huzisifu sana. Kwa anayeanza ni kosa. Mkono ukivutwa, mambo manne hutokea pamoja, na jicho lisilozoea haliwezi kuyatazama yote.

Maganda husafishwa na kukaguliwa kwanza. Yale ya fataki za mtindo wa Berdan, yenye matundu mawili madogo ndani badala ya moja katikati, huwekwa kando kwa kuwa pini ya kutolea fataki itavunjika juu yake. Ganda lenye bega hupakwa grisi nyembamba kabla ya kuingia kwenye kalibu. Isipopakwa, litanasa na kitako kitang'oka. Ikizidi, grisi hujikusanya begani na kubonyeza vishimo. Maganda yaliyonyooka kama .357 na .44 Magnum yakitumia kalibu za kabidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, hayahitaji grisi, lakini midomo yake hupanuliwa kidogo kwa kalibu ya ziada ili ipokee kichwa. Baada ya hapo ganda hupimwa, hukatwa, huwekwa fataki, na kupangwa kwenye trei mdomo ukiwa juu.

Sasa baruti. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti, lile linalotumika, na kazi ikiisha kilichobaki kirudi kwenye kopo hilohilo. Kipimo hutoka kitabuni, kwa baruti hiyo kwa jina lake kamili, kichwa hicho na fataki hiyo. Vitabu huonyesha kipimo cha kuanzia na cha mwisho. Unaanzia chini na kupanda kwa hatua ndogo. Kubadilisha kichwa, hata kwa kingine cha uzito uleule, ni kurudi mwanzo, kwa sababu urefu wake ndani ya ganda na ugumu wake ni tofauti. Kushuka chini ya kipimo cha kuanzia nako hakuruhusiwi. Baruti fulani zikiwa kidogo mno huungua bila mpangilio, na kichwa kinaweza kubaki njiani.

Risasi yenyewe huamua ni kosa gani la kuogopa zaidi. Kwa .30-30, baruti inayofaa hujaza sehemu kubwa ya ganda. Ukimimina mara mbili kwa kusahau, itamwagika mezani na utajua. Kwa .357 Magnum yenye baruti ya haraka, kipimo kimoja hakifiki hata nusu ya ganda. Mara mbili inaingia bila kumwagika, na bunduki haitavumilia. Kinga ni moja: kabla ya kichwa chochote kuwekwa, trei nzima humulikwa kwa tochi na kila ganda huchunguliwa. Vimo vyote vilingane. Lililo juu ya wenzake au tupu linaonekana papo hapo.

Ganda tupu si dogo kwa hatari. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha hapo. Mpigaji husikia mlio hafifu na kuhisi teke dogo, kisha kwa mazoea huvuta wenzo na kupiga tena. Kichwa cha pili hukutana na cha kwanza na mtutu huvimba au kupasuka. Mlio wowote usio wa kawaida ni amri ya kusimama: toa risasi zote, za bomba na za chemba, acha komeo wazi. Bunduki nyingi za wenzo haziruhusu kuchungulia mtutu kutoka nyuma bila kufungua skrubu, kwa hiyo njia ya haraka ni ufito wa kusafishia uliotiwa alama mapema, ukionyesha unapofika mtutu ukiwa wazi. Ukiuingiza kutoka mdomoni na alama ikabaki nje, kuna kitu ndani.

Imani ya kusoma fataki

Wako wanaoamini kwamba bunduki itakuonya mwenyewe kabla ya kudhurika: fataki iliyotumika itabapa, ganda litakuwa zito kutoka, na hapo utapunguza baruti. Kwa bunduki ya wenzo imani hii ni mbaya. Kikomo cha shinikizo cha .30-30 ni pauni 42,000 kwa kila inchi ya mraba; cha .308 Winchester, risasi ya bunduki za komeo la kuvuta, ni 62,000. Fataki na shaba ya ganda ni vilevile kwa zote mbili. Dalili nyingi huanza kuonekana kwenye shinikizo ambalo limeshakivuka zamani kikomo cha .30-30. Fataki nzuri ya mviringo haikuambii kwamba uko salama. Inakuambia tu kwamba shaba haijashindwa.

Jambo hili ni kali zaidi kwa .45-70. Kikomo chake rasmi ni pauni 28,000, kwa kuwa bado ziko bunduki za karne ya 19 zinazoitumia, lakini Marlin ya kisasa huvumilia zaidi, na bunduki za risasi moja kama Ruger No. 1 zaidi ya hapo. Kwa hiyo vitabu huwa na kurasa tatu za vipimo kwa risasi moja, na zote huingia kwenye chemba ileile. Aliyejaza kwa ukurasa wa tatu na kuitia kwenye bunduki ya kwanza hatapata onyo lolote. Kwa hiyo boksi la risasi hizi huandikwa bunduki iliyokusudiwa, kwa herufi kubwa, pamoja na kichwa, baruti, uzito wake, fataki na tarehe. Hali ni hiyohiyo kwa Winchester 1873 na nakala zake, ambazo viungo vya komeo lake ni dhaifu kuliko vya 1892 ingawa zote hupokea .44-40.

Kuhusu baruti nyumbani, hofu iliyozoeleka ni kwamba kopo litalipuka kama bomu. Baruti isiyo na moshi ikiwa wazi huungua kwa kasi lakini hailipuki. Hatari huja ikifungiwa mahali pagumu. Ndiyo maana hukaa kwenye kopo lake la kiwandani, lililotengenezwa kupasuka kirahisi, wala haihamishiwi kwenye chupa au sanduku la chuma lililofungwa kabisa. Fataki ndizo za kuogopa zaidi. Zikimwagwa pamoja kwenye mtungi, moja inaweza kuwasha zote. Kisha kuna plumbi, ambayo iko kwenye mabaki ya fataki na kwenye vumbi la kusafishia maganda. Hailiwi kitu mezani, na mikono huoshwa kabla ya kugusa mdomo au mtoto.

Kwa risasi yenye shaka, iwe imevimba, imebanwa vibaya au hukumbuki kama uliimiminia baruti, kuna nyundo ya plastiki yenye mdomo unaoishika kitako. Ukiigonga chini mara chache, kichwa na baruti huangukia ndani yake. Ganda na kichwa hutumika tena vikiwa vizima. Baruti hiyo, kama kopo lake si lile lililo mezani wakati huo, hairudi kwenye kopo lolote.